Mkataba wa hali bora bila mgomo: tulivyofanya wauguzi

Nilipochaguliwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika hospitali binafsi niliyokuwa nikifanya kazi, wenzangu waliniuliza: sasa mwajiri tutambana na nini? Swali la haki kabisa. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaihesabu afya kuwa huduma muhimu, kwa hiyo kugoma kwetu ni karibu na marufuku. Mkikwama, mnaishia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha migogoro ya kazi.

Kwanza tulitafuta kutambuliwa na mwajiri, ili tujadiliane mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri juu ya mishahara na masharti ya kazi. Chama hakikai mezani kama hakina wafanyakazi walio wengi, basi nikazunguka na fomu wodi kwa wodi wakati wa kupokezana zamu. Wodi ya wazazi walisaini upesi. Chumba cha upasuaji walinisumbua.

Kikao cha kwanza tulidai nyongeza ya mshahara, uongozi ukasema fedha hakuna, tukabaki kutazamana. Ndipo tukatumia kifungu kinachomtaka mwajiri akipe chama taarifa zinazohusu majadiliano. Tuliomba ratiba za zamu na malipo ya usiku, tukakaa na kikokotoo.

Sheria inataka kila saa ya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi iongezewe walau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Sisi tulikuwa tukipewa posho ya usiku ya mkupuo, kiwango kimoja kwa wote. Kwa aliyeajiriwa juzi ilitosha. Kwa masista wakongwe, wenye mishahara mikubwa kidogo, haikufikia kima cha sheria, na hao ndio walioshika zamu ngumu.

Tulipoziweka karatasi mezani, afisa utumishi alizipitia mara mbili, akauliza, "Sista, hesabu hii nani kawafanyia?" Nikamwambia ni muuguzi wa wodi ya watoto. Wiki hiyohiyo wakamleta mhasibu.

Posho ya mkupuo ikafutwa, asilimia ikaandikwa kwenye mkataba, malimbikizo yakakubaliwa kulipwa kwa awamu, na wa zamu ya jioni wakapata gari la kuwarudisha. Nyongeza ya mshahara ilikuja kiduchu. Wapo wanachama walionituhumu nimehongwa, nami nawaelewa, maana kodi ya nyumba hailipwi kwa vifungu. Tulikataa kusaini mpaka itolewe nakala ya Kiswahili ibandikwe ubaoni. Suala la sare bado linajadiliwa.