Siku moja maishani mwangu: mlinzi wa bwawa linalotakiwa kuwa tupu

Saa 11:40 alfajiri

Naanza kwa kusikiliza. Bwawa letu dogo la udongo lilijengwa kuzuia mafuriko, na bomba lake la kutolea maji halina lango wala koki. Mdomo wake uko juu ya mnara mfupi wa zege ndani ya bwawa, na maji yakiufikia yanaingia yenyewe, usiku na mchana. Kama kulinyesha na bomba limenyamaza, ujue bomba limeziba. Leo linanguruma taratibu, mabaki ya mvua ya juzi. Navaa buti.

Saa 12:30 asubuhi

Tuta natembea juu yake jua likiwa bado chini, kwa sababu saa hizo kila kibonde kinaonyesha kivuli chake. Mchana hukioni. Nashuka upande mkavu nikienda kwa kupindapinda, nikitazama nyufa, sehemu iliyotitia, shimo la panya au fuko. Majani nayafyeka yawe mafupi: yanaushika udongo usichukuliwe na mvua, lakini yakirefuka yanaficha kila kitu.

Leo nimeng'oa miche miwili, minene kama kidole. Wapo wanaoniuliza kwa nini nauchukia mti. Siuchukii, ila hapa si mahali pake. Siku ukifa, mizizi inaoza na kuacha vijia ndani ya tuta, na maji hayaachi kijia bila kukifuata.

Saa 2 asubuhi

Chini kabisa ya tuta, penye mfereji wa changarawe, maji yanatoka. Mgeni akiyaona hushtuka. Tuta la udongo lisilopitisha hata tone sijaliona. Ninachochunga ni kiasi na rangi. Nakinga ndoo ya lita 10 na kutazama saa: sekunde 50, yaani lita 12 kwa dakika, sawa na wiki iliyopita. Kisha najaza chupa ya kioo na kuinyanyua kwenye mwanga. Safi. Yangekuwa na tope, maana yake yanabeba udongo wa tuta lenyewe, na tundu linapanuka ndani kwa ndani. Bwawa la Teton kule Idaho, Marekani, lilikuwa kubwa na jipya, ndiyo kwanza linajazwa. Tarehe 5 Juni 1976 asubuhi watu waliona maji ya tope yakichuruzika, na kabla ya adhuhuri tuta lilikuwa limebomoka. Ndiyo maana chupa hii siisahau hata nikiwa na haraka.

Saa 3:15 asubuhi

Wavu wa chuma kwenye mdomo wa bomba. Matawi, chupa za plastiki, kipande cha godoro. Ni kazi ya kulowa na kunuka, na naifanya kwa moyo wote. Bwawa la South Fork, juu ya mji wa Johnstown, Marekani, lilikuwa limeondolewa mabomba ya kutolea maji, na penye njia ya maji ya ziada paliwekwa nyavu za kuzuia samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, takataka zikaziba nyavu, maji yakapita juu ya tuta na kulisomba. Walikufa watu zaidi ya 2,200. Tuta la udongo halivumilii maji kupita mgongoni mwake.

Saa 5 asubuhi

Mzee mmoja mwenye shamba bondeni amekuja na neno lilelile.

"Mwanangu, maji haya unayaacha yaende kwa nini? Ziba bomba, bwawa lijae, tumwagilie."

"Mzee wangu, naelewa. Mimea inakauka, na wewe unaona maji yanapita."

Nikachora chini kwa kijiti. Mto ukifurika na kuleta wastani wa mita za ujazo 16 kila sekunde kwa saa 2, hizo ni kama 115,000. Bomba letu linapitisha mita ya ujazo 1 tu kwa sekunde. Basi mafuriko ya saa 2 yanamfikia yeye yakiwa mtiririko wa siku moja na zaidi, ndani ya kingo za mto. Lakini hayo yanawezekana pakiwa na nafasi. Bwawa likiwa limejaa tayari, mafuriko yatatoka kwenye utoro, ile njia ya pembeni ya maji yaliyozidi, karibu kama yalivyoingia. Hiyo nafasi tupu ndiyo bwawa lenyewe.

Alitazama mchoro kwa muda mrefu, akaondoka bila kunijibu. Iliniuma, maana haja yake ni ya kweli. Bwawa la umwagiliaji lingemfaa sana, ila lingepaswa kujengwa kama bwawa la umwagiliaji.

Saa 9 alasiri

Mawingu meusi milimani. Hapa hakuna tone. Napita kwenye utoro kuhakikisha hakuna aliyeweka kuni au uzio, kisha nampigia simu anayewaangalia watu wa kivuko cha chini: asivuke mtu mpaka nitakapompigia tena.

Saa 10:30 alasiri

Maji yamefika, mekundu, na magogo. Nasoma fito ya kipimo kila baada ya dakika 15 na kuandika. Sentimita 20 juu ya mdomo wa bomba. 45. 80.

Saa 12:10 jioni

Yamesimama kwenye mita 1 na sentimita 40. Utoro uko kwenye mita 3 na nusu, na haujalowa.

Saa 3 usiku

Ndoo tena, kwa tochi: sekunde 46. Yameongezeka kidogo, kama inavyotarajiwa bwawa likipanda. Chupa ni safi. Kwenye fito maji yameshuka sentimita 9.

Nikaona tochi nyingine inakuja juu ya tuta. Ni yule mzee. Alisimama kando yangu akisikiliza bomba linavyonguruma.

"Imebaki nafasi kiasi gani?"

"Mita 2 na sentimita 19, mzee."