Mgongo wangu na saa yangu

"Malta sikuiona, mwanangu. Nimeuona mgongo wako na saa yako."

Mama aliyasema haya usiku, amekaa kitandani mle chumbani mwetu melini, anajipaka mafuta ya karafuu magotini. Hakuwa na hasira. Aliyasema kama mtu anayekwambia chumvi imekwisha. Leo ni siku ya tisa tangu turudi Genova, Italia, kazini nimepewa mkataba wa kudumu, Salma wetu amejifungua salama mtoto wa kike, nami bado niko palepale. Mgongo wako na saa yako.

Nina sababu ya kutazama saa. Ukishuka bandarini kivyako kuna sharti moja lisilo na huruma: basi la ziara ya meli likichelewa, meli hulisubiri, wewe uliyeshuka kwa miguu yako hungojwi na mtu. Karatasi ya ratiba ya Valletta, mji mkuu wa Malta, iliandika mwisho wa kupanda saa kumi na nusu, na ngazi huvutwa juu. Kwa hiyo nilifanya yale ninayofanya kila bandari. Saa ya mkononi niliiacha kwenye saa ya meli, kwa sababu simu hujibadilisha yenyewe ikishika mtandao wa nchi kavu, na mara nyingine saa ya meli na ya mjini hupishana. Ile karatasi niliipiga picha, pamoja na namba ya wakala wa bandari iliyo chini yake. Nakala za pasipoti nilizitia kwenye mkoba wa Mama, zangu mfukoni. Viza ya Mama tuliiomba ya kuingia mara nyingi, maana meli ikigusa Tunisia umekwisha kutoka Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, na kurudi ni kuingia upya; mwenye viza ya mara moja huzuiwa tangu kwenye kaunta ya kupandia.

Hayo yote yalikwenda sawa. Ndiyo maana neno la Mama limenikaa kooni.

Kutoka getini unashika kulia, bahari ikiwa mkono wako wa kulia. Unapita mbele ya maghala ya Pinto, ya mwaka 1752, ambayo milango yake imepakwa rangi kwa bidhaa: buluu ya samaki, kijani ya mboga, manjano ya ngano, nyekundu ya mvinyo. Wenye teksi na magari ya farasi watakwambia mji uko mbali. Hauko mbali, uko juu. Kwa mwendo wa mtu mzima ni robo saa hadi kwenye lifti ya Barrakka, iliyofunguliwa mwaka 2012, nayo inakupandisha mita 58 kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Beba sarafu. Kinachoharibu ni foleni: siku ambayo meli mbili zimetia nanga pamoja, watu hufika lifti kwa wimbi moja. Ama ushuke mapema kabla makundi ya ziara hayajaitwa, ama usubiri wapite. Tulishuka mapema.

Mbele ya mlango wa buluu Mama alisimama. Alikuwa anapitisha kidole kwenye ubao, anauliza samaki waliwekwaje ghalani bila barafu. Nikasema, "Mama, twende, foleni itatukuta." Naukumbuka mkono wake ukirudi ndani ya buibui.

Juu ya lifti kuna bustani ya Upper Barrakka. Mizinga hulia saa sita mchana na saa kumi jioni, nawe huhitaji kulipa ili uione: simama kwenye ukingo wa bustani, mizinga ikiwa chini yako, robo saa kabla, na umwambie mapema mtu mwenye presha kwamba kuna mshindo. Ng'ambo ya maji inakaa ngome ya St. Angelo. Mama aliitazama kitambo akasema, "Hii Ngome yetu." Nami nilijua jibu zuri la kumpa: kwamba Valletta ilichorwa na Mwitaliano, Francesco Laparelli, na ujenzi ukaanza mwaka 1566, na kwamba Fort Jesus nayo, ile Ngome ya Mombasa, hapo chini ya Kibokoni anapoishi, ilichorwa na Mwitaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati, mwaka 1593. Nilijua, wala sikumwambia. Nilisema kanisa la St. John lina ukaguzi mlangoni na foleni yake huwa ndefu kadiri mchana unavyosogea.

Ni kweli huwa ndefu. Jumapili watalii hawaingii kabisa. Mabega yafunikwe, na viatu vya kisigino chembamba hawaviruhusu, kwa sababu sakafu nzima ni mawe ya makaburi, karibu 400, ya marumaru za rangi zenye mafuvu na mifupa. Mama alikuwa anakanyaga pembeni pembeni, anauliza, "Na hawa tunawapita juu?" Chumba cha pembeni kuna picha ya Caravaggio ya mwaka 1608, kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji, na jina la mchoraji limeandikwa kwenye damu yenyewe. Ndiyo picha pekee aliyoitia sahihi. Kanisa hili lipe saa moja na nusu. Sisi nilitugawia dakika hamsini.

Kisha nikataka tupande basi la Mdina, mji wa kale ulio ndani ya kisiwa. Mabasi yako nje ya lango la mji, kwenye chemchemi ya Triton. Wenyeji wenye kadi husafiri bure, mgeni hulipa, na kwenda tu ni kama nusu saa barabara ikiwa nyeupe. Kurudi alasiri ndiko kunakovunja hesabu, kwani basi likijaa halisimami kituoni. Mama akasema miguu imekataa. Kwa mwenye magoti, Valletta na Mdina kwa siku moja ni mzigo, na leo naona hata mwenye magoti mazima asizichanganye. Mitaa ya Valletta ni ngazi juu ya ngazi, na mawe yake ya chokaa yamelainika kama sabuni. Ikinyesha kidogo tu, shika ukuta.

Basi tukala pastizzi, kama sambusa za kuoka, kwa mkono, za njegere. Uliza kwanza unga umekandwa na mafuta gani, wengine hutia ya nguruwe. Tukateremka kwa lifti, tukaenda kwenye mashua.

Hapa nimekaa usiku kucha nikikumbuka, na kuna kitu kimelegea kifuani. Mashua ya dgħajsa, omo na tezi zimeinuka kama za mtepe, mnakubaliana bei kabla hamjatia mguu. Mwenye mashua alituhesabu: *wieħed, tnejn, tlieta, erbgħa, ħamsa, sitta*. Mama akageuka. Kisha yule mzee akamwambia mwenzake aliyekuwa gatini, *nofs siegħa*.

"Amesema nusu saa," Mama akasema.

Ndiyo, alisema nusu saa. Nilimwambia Kimalta kina asili ya Kiarabu, na kwamba kitabu kwao ni *ktieb*, bahari ni *baħar*. Akaanza kuhesabu na yule mzee, sitini kwa *sittin*, sabini kwa *sebgħin*, wote wawili wanacheka. Mama alikaa ananitazama, magoti yetu yanagusana, kwa sababu mashua haina pengine pa kukaa. Saa yangu ilikuwa mkononi, sikuitazama hadi Birgu, ng'ambo ya maji.

Tulirudi getini saa tisa na dakika kumi. Saa moja na dakika ishirini za akiba. Zingetosha mlango wa buluu, Ngome, na makaburi yote.

Sijamwuliza kama ile nusu saa aliihesabu alipokuwa akisema. Atarudi Mombasa Jumamosi ijayo.

Na kaka amenitumia picha ya ufa ukutani nyumbani kwa Mama, upande wa mlango wa nakshi. Ameweka kidole gumba juu yake kuonyesha upana, na kidole kimezama. Vuli imeshaanza. Mama sijamwonyesha.