Dola 155 za muhuri, na kidole gumba juu yake

Jana usiku nimelipa dola 155, na aliyenitoza hakunijibu swali hata moja. Nimeamka hasira bado ziko palepale, mtanivumilia.

Mimi na mume wangu tuko hapa Sacramento, California, wote tunahudumia wazee. Yeye anaingia zamu ya usiku, mimi ya mchana, tunapishana mlangoni kama abiria wa basi. Ndiyo maana karatasi zetu za "nikifa" na "nikipooza" zimelala kwenye droo miezi minne tangu mwanasheria atuandikie. Zilikuwa zinadai muhuri wa notari, yule anayeruhusiwa na jimbo kushuhudia sahihi, na siku ambayo wote wawili tuko macho. Mwishowe nikamwita notari wa kutembea, yule anayekufuata mwenyewe nyumbani. Akabisha hodi saa tatu usiku, na begi, na daftari kubwa kama la mahudhurio ya shule.

Sasa kwetu nyumbani tumezoea muhuri unapigwa na wakili. Anasoma karatasi yako, anakunja uso, anakwambia "mama, hapa umekosea," unarekebisha, anagonga, unampa hela yake. Hela yenyewe mnaijua. Nikajua na huyu ni vilevile. Kumbe notari wa California si lazima awe mwanasheria. Amesoma kozi ya saa sita, amefaulu mtihani, ameweka dhamana ya dola 15,000, basi, kapewa muhuri wa miaka minne. Nikamuuliza: binti yangu ana miaka 9, kwenye bima ya maisha niandike jina lake au la baba yake? Akatabasamu. "Siruhusiwi kukushauri." Nikauliza hii hati ya uwakilishi, ya kumpa mtu ruhusa ya kutenda kwa niaba yangu, inaanza kufanya kazi leo au mpaka niugue? "Muulize mwanasheria wako." Wosia je, naona hujaugonga? Akaurudisha upande wangu wa meza kwa vidole viwili.

Jibu la bima nimelipata leo asubuhi kwa mwanasheria, na wenye watoto mlisikie. Ukiandika jina la mtoto wa chini ya miaka 18 hivihivi, kampuni haimkabidhi mtoto hela. Mambo yanaweza kuishia mahakamani kutafutiwa msimamizi, na wewe ndiyo hivyo, uko udongoni. Kuna namna ya kuandika jina la mtu mzima atakayemshikia mpaka akue, na fomu hiyo wala haihitaji muhuri. Wosia nao huku unataka mashahidi wawili wasio warithi, na muhuri wa notari hauchukui nafasi yao. Halafu fomu ya mnufaika, ile ya nani alipwe ukifa, uliyoijaza kazini siku ya kwanza, ukiwa na usingizi, hiyo ndiyo hutangulia mbele ya wosia. Unaweza kuandika wosia mzuri wa kurasa kumi, hela zikaenda kwa mtu uliyemwandika zamani ukasahau.

Turudi kwenye kidole. Tulipofika kwenye hati za uwakilishi, yule bwana akafungua kidau cha wino akanisogezea. Kidole gumba cha kulia, kwenye daftari. Nikadhani sijamsikia. Jamani, bibi yangu ndiye alikuwa anaweka dole gumba, pale kwenye chama cha ushirika, akishapima pamba yake, kwa sababu hakuwahi kushika kalamu. Alikuwa akirudi nyumbani anakificha kile kidole kwenye khanga. Mimi nimesomeshwa kwa pamba hiyohiyo ili nisiweke dole, nimevuka bahari, nafika Marekani nawekeshwa! Mume wangu akawa anacheka. Zamu yake ilipofika akaacha. Ndiyo sheria ya jimbo hili kwa hati za uwakilishi na za nyumba, ili kesho asije mtu na sahihi ya kughushi akadai ni yako. Nimeelewa. Wino wenyewe haujatoka vizuri, nimeingia nao kazini.

Bei nayo haina siri. Sheria ya California inamruhusu dola 15 kwa kila sahihi. Sisi zilikuwa tano, hiyo ni 75. Zile 80 nyingine ni za safari, na za safari hazina kikomo, mnapatana. Mimi sikupatana, nilisema tu "njoo". Ninyi mnaojipanga kuja, hili mlishike: huku bei inaulizwa kwenye simu, kabla mtu hajawasha gari. Tena ukiwa na nafasi mchana, benki yako mara nyingi ina notari, na kuna zisizomtoza mteja wao. Na majina! Pasi, leseni, karatasi, yote yasome sawasawa. Mume wangu ana majina matatu na kila ofisi ilichagua mawili iliyoyapenda. Hapo tulipoteza robo saa.

Ila nisimwonee yule bwana. Namba yake niliichukua miaka miwili iliyopita, nyumbani kwa mzee mmoja niliyekuwa namhudumia. Mtoto wa mzee alimleta ili baba asaini karatasi ya mali. Notari akavuta kiti, akakaa macho yao yakawa usawa mmoja, akauliza taratibu: "Mzee, hii ni karatasi gani?" Mzee akasema ni ya umeme. Akauliza tena kwa njia nyingine. Mzee akasema umeme umepanda sana. Basi notari akafunga daftari. Mtoto akapandisha sauti, akataja malipo mara mbili, yule bwana akawa anavaa koti. Mimi nimesimama na bakuli la uji mkononi, nawaza wazee wangapi kwetu walishikwa mkono ukaongozwa kwenye mstari.

Na jana nilimwona tena vilevile. Nimetaka sehemu ya akiba yangu ya uzeeni kazini, hii 401(k), imwendee mama yangu. Sheria ya shirikisho inamtambua mume kwanza. Nikitaka kumwandika mwingine, mume akubali kwa maandishi mbele ya notari au mwakilishi wa mfuko. Notari akaniomba nikachemshe chai. Kutoka jikoni nikamsikia anamuuliza mume wangu kama amesoma, kama kuna mtu amemlazimisha. Kimya kikawa kirefu kuliko nilivyopenda. Halafu nikasikia kalamu.

Nikampigia mama nimpe habari njema. Akanikatia simu: "Unanitabiria nini wewe? Huo ni uchuro!" Leo mchana kapiga mwenyewe. Hela hajaziulizia hata kidogo. Anataka kujua kile kidole walikichukua cha nini, na kama watakirudisha.