Gombe kwa boti ya abiria

Ukiuliza Kigoma mjini namna ya kufika Gombe, hifadhi ya taifa ya sokwe, wengi watakuelekeza ukodi boti. Mfuko wangu haukuruhusu, nikaenda Kibirizi kupanda boti ya abiria inayohudumia vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Magunia ya unga, magodoro, kuku, wote safari moja. Umbali ni kama kilomita 16 tu, lakini boti inashusha na kupakia njiani, kwa hiyo siku hiyo usijipangie jambo jingine. Nilimwambia nahodha mapema kwamba nashuka Kasekela, makao makuu ya hifadhi, na nguo nikazifunga kwenye mfuko wa nailoni. Ziwa likichafuka utanishukuru.

Kasekela wenyeji wako ni nyani. Wanazurura ufukweni wakikuchungulia mikononi, basi chakula ni ndani, mlango umefungwa.

Asubuhi tukapanda na mwongozaji. Gombe ni ndogo ila imesimama wima, bonde baada ya bonde kutoka majini hadi kileleni, na Novemba ile mvua za kwanza zilikuwa zimeshalainisha njia. Mwenye magoti mabovu achukue fimbo. Wafuatiliaji wa sokwe waliotangulia walituita kwa redio, tukavaa barakoa. Msione uvivu kuivaa: mafua yetu yanaweza kumuua sokwe.

Tulimkuta sokwe mama mmoja kwenye kichuguu. Alichuma bua la nyasi, akalipunguza kwa meno, akalitumbukiza tunduni na kutulia. Alipolivuta lilikuwa limejaa mchwa waliolingʼangʼania, akawapitisha mdomoni wote kwa mkupuo. Mwanawe naye alihangaika na kijiti kinene kisichoingia popote, akakitupa kwa hasira. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliliona jambo hili humu humu mwaka 1960, wakati wataalamu wakiamini kwamba binadamu peke yake ndiye hutengeneza zana. Kulisoma nilikuwa nimelisoma. Kumwona mnyama anachagua bua, analikataa, anatafuta jingine, ni habari nyingine kabisa.

Mnakaa umbali wa mita 10, na muda ni saa moja. Ikiisha mnaondoka, hata kama ndiyo kwanza utamu umekolea.

Kurudi nilitumia boti ya asubuhi iendayo mjini. Watu husema punga mkono tu ufukweni itasimama. Mimi niliomba mhudumu ampigie nahodha simu tangu jioni, maana boti iliyojaa haioni mkono wa mtu.