Siku moja maishani mwangu: mimi na wenye midomo yao

Kwanza mjue mi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma takwimu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naishi Mwenge kwa nyuma huku karibu na wachonga vinyago, chumba kimoja tunalala wawili, na rumeti wangu anasema nina tabia za mtu aliyezaliwa kabla ya simu za mkononi. Kisa ni kwamba mi kitu hakininogei mpaka pawe na mtu anakisimulia. Mpira nautaka wa redioni, movi nazitaka zile zilizotafsiriwa na dijei, mziki nautaka ule mtu anaingia na kisa anatoka na kisa. Ukiniwekea biti tupu hata iwe kali vipi, dakika mbili nishahama. Sasa hii ni Jumatano yangu ya kawaida kabisa, hamna sherehe wala msiba.

Saa 11 alfajiri. Alamu naweka lakini haijawahi kunikuta nimelala, maana mama mwenye nyumba akishasali tu anatoka na fagio la chelewa uani na redio yake anaiweka dirishani kwetu, sijui kwa nini dirishani kwetu. Rumeti anajifunika mto. Mi ndo kwanza nafumbua macho nisikie vizuri, kuna mtu anaelezea bei ya mbaazi huko Lindi na mi sina hata kilo moja ya mbaazi ila namsikiliza mpaka mwisho. Halafu foleni ya bafu, wapangaji wote bafu moja, ukichelewa kwa baba wa chumba cha kona basi kaa ukijua utaoga saa mbili, yule sijui anaoga au anahesabu matofali.

Saa 12 na nusu. Vitumbua viwili na chai ya tangawizi kwa mama wa pale kona. Kabla ya chai siongei na mtu, hiyo ni tabia yangu na majirani walishaizoea, wanaona nimeitikia kwa kichwa wanapita. Ila kusikiliza nasikiliza. Leo mama alikuwa anamweleza dereva wa bajaji ndoto yake, kaota anakaanga vitumbua halafu kila akigeuza kimoja kinamwita shikamoo. Dereva akamwambia mama cheza bahati nasibu. Nikalipa nikaondoka, nacheka mwenyewe barabarani.

Saa 1 na dakika zake. Daladala. Hapa ndo watu huniona kichaa, maana mi nachagua gari kwa konda. Kuna konda wa kimyakimya, anagonga bodi na sarafu tu basi, huyo namwacha apite hata gari iwe na siti. Namsubiri mwenye mdomo. Leo nikampata, mtu kaning'inia mlangoni, noti kazikunja kwa urefu kazibana katikati ya vidole, anaita "Savei Savei Ubungo, ingia anko siti zipo" na ndani humo watu tumesimama tumebanana mpaka mkoba wangu sijui uko kwa nani. Mzee mmoja akamuuliza siti ziko wapi we mtoto, akajibu "zipo mzee wangu, zina watu tu." Gari zima likacheka mpaka suka. Nikampa buku, nauli 600, chenji akasema "dada mwenye kijani mia nne yako ipo hewani inakuja." Yaani Sam Nujoma pale foleni haisogei na huyu mtu anaitangaza, bodaboda anakatiza, trafiki kanyoosha mkono, lori la mchanga linajifikiria, na mi sikuona hata muda umekwenda. Mia nne ilishuka kutoka hewani tukiwa Savei. Kutoka pale napandisha na miguu, kilima ni kilima ila asubuhi jua linakuwa bado na adabu.

Saa 2 kamili. Kipindi. Mi nasoma takwimu na watu wanashangaa mtu wa visa anafanya nini kwenye namba, ila takwimu ina visa balaa, tatizo hamjauliza. Leo tulikuwa kwenye ile t-test, kipimo cha kulinganisha wastani, na lekchara kabla hajaandika chochote akaegemea meza akaanza habari za William Gosset. Huyu jamaa alikuwa ameajiriwa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, shida yake ilikuwa shayiri na majaribio madogo madogo, unapima vitu vichache tu halafu unatakiwa utoe uamuzi wa kiwanda kizima, na hesabu za wakati ule zilitaka sampuli kubwa. Akakaa akaitafuta njia akaipata. Sasa kiwanda hakikuwa kinaruhusu wafanyakazi wachapishe tafiti kwa majina yao, kwa hiyo mwaka 1908 kazi yake ikatoka kwenye jarida la Biometrika imesainiwa Student, yaani Mwanafunzi, na mpaka leo dunia nzima inaita t ya Student. Watu wa mbele walikuwa wanasubiri fomula wapige picha ubao, mi nilishaipata kabla haijaandikwa, maana kila nikiona sampuli ndogo namuona jamaa kasimama na gunia lake la shayiri anakuna kichwa. Na zile barua za probabiliti za wanahisabati Pascal na Fermat za 1654, zilizoanza na swali la mcheza kamari, nilizikumbuka kwenye mtihani wa mwaka wa kwanza kwa mtindo huohuo. Rumeti wangu ye anakariri. Kila mtu na msuli wake.

Saa 5 mpaka saa 7 kulikuwa na semina, hamna la kusema.

Saa 7 mchana. Msosi. Boom la Bodi ya Mikopo ni 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, ukiisikia hivyo unaona mtu tajiri, ila toa kodi, toa nauli, toa bando, toa na ile hela ya kuchangia besdei ya mtu usiyemjua vizuri, kinachobaki ni wali maharage na mchicha, nyama unaisikia kwa jirani. Boom likiingia utaona watu wanaagiza kuku mezani wanaongea kwa sauti, wiki ya sita hao hao wanaulizana "una jero hapo?" Mi nikakaa nje na ndizi yangu, na hapa chuo ndizi haitolewi kizembe, tumbili wapo juu ya miti wanafanya tathmini. Kuna mmoja leo alishuka taratibu kama mzee anakwenda kuchukua pensheni yake, akapita kwa dada mmoja wa sheria, akachukua chapati yote na mfuko, akarudi juu. Dada akabaki anaongea vifungu.

Saa 8. Vimbweta. Kwa asiyejua, ni yale meza na mabenchi ya zege chini ya miti tunapofanyia diskasheni, na diskasheni maana yake wawili wanafanya kazi, mmoja anauliza kama kuna chaja, na watatu wapo kwenye grupu la WhatsApp wanaandika "wekeni jina langu nipo njiani." Wakati tunawasubiri hao wa njiani nikaweka earphone sikio moja, bendi ya Sikinde. Hapa nataka nitetewe kidogo. Watu wakisikia zilipendwa wanafikiri ni mziki wa kwenye harusi za wazazi wao, ila we kaa uwasikilize wale watu, ni kesi kamili ya mahakama ya mwanzo, nani kamfanyia nani nini, shemeji kasema nini, barua imefika lini, halafu magitaa yanaingia kujibu. Msondo chimbuko lake ni NUTA Jazz ya 1964, Sikinde wakaja 1978, wakawa wapinzani wa kweli kweli, na Muhidin Gurumo kaimba kote kote mpaka mwenyewe kafariki 2014 watu wa pande zote mbili wanamlilia. Haya mambo kanijaza baba, ye ni Msondo. Mi nikaenda Sikinde kwa makusudi tu, ili nyumbani pawe na ubishi.

Na kabla hamjasema sipendi mambo ya kisasa, singeli naipenda. Inapita biti 200 kwa dakika, mguu haujui uanzie wapi, lakini mule ndani kuna mtu anaongea! Msaga Sumu akishika maiki ni habari za mtaa mwanzo mwisho. Amapiano ndo imenishinda, rumeti anasema nisubiri ngoma ikolee, nasubiri, hamna anayesema kitu.

Saa 10 na nusu. Nikarudi Mwenge moja kwa moja saluni, nilikuwa na ahadi ya kusuka twende kilioni, maana rasta za mgongo hela haipo. Saluni yenyewe ni kibanda cha bati chenye feni moja, kioo kimepasuka kona, na kiti cha plastiki kimoja ambacho ukikaa vibaya kinakufinya paja. Ila msusi wangu ni msimuliaji, hakuna redio inamfikia. Anaanza kwa kukuchana kimya, unafikiri leo hayuko sawa, akifika kwenye mstari wa tatu karibu na sikio anavuta nywele kidogo anasema "mdogo wangu, dunia hii." Hapo ujue imeanza.

Leo ilikuwa habari ya mchezo wa kinamama, wale wanaochangishana kila wiki anapewa mmoja. Kuna dada kaingia, akaomba awe wa kwanza kupokea, ana shida, wakamwonea huruma wakampa. Kanunua friji. Friji jipya, wamemwona nalo kwenye guta, amekaa pembeni kalishika. Wiki mbili kachangia vizuri, wiki ya tatu wakamfuata asubuhi wakakuta chumba cheupe, kahama usiku, hata pazia kachukua. Mwenyekiti wa mchezo akalia kuliko wote, akasema jamani nimewaponza. Msusi akaacha kusuka kabisa, kitana kakichomeka kichwani kwangu, akanizungukia mbele ili nimwone uso. "Sasa juzi, mmoja wao kaenda kumwangalia mgonjwa mahali, katumwa maji ya baridi ndani. Kafungua mlango wa jikoni. Friji hili hapa, lile lile, na ile alama ya kuchunika ya kwenye guta. Unajua nyumba ya nani?"

Na hapo hapo kaingia mteja wa ritachi, ana haraka, ana sendofu saa 1. Msusi kanimalizia mistari miwili ya mwisho mbio mbio na kumgeukia yule. Nikasema dada sasa friji? Akasema "we nenda, ntakutumia voisi." Nimesoma visa vingi vya watu kudhulumiwa mjini hapa, huu wa kwangu wa kunyimwa mwisho wa kisa ni mkubwa.

Saa 1 usiku. Napita kijiwe cha kahawa, wazee na birika na kashata, mada ya leo nani aliitwa timu ya wananchi kwanza na kwa nini, mara Yanga 1935, mara Simba 1936, mara walikuwa wanaitwa Sunderland, kila mmoja alikuwepo. Najifanya nasubiri bajaji. Bajaji zinapita tupu, mzee mmoja alishanigundua, akasema "binti kaa unywe kahawa au nenda kwenu." Nikanywa.

Saa 2. Kulikuwa na mechi ya ligi na wote wameenda banda umiza, mi nikawasha redio ya simu nikakaa barazani. Baba hunisimulia wale watangazaji wa RTD, ile Redio Tanzania ya zamani, hasa Charles Hilary aliyefariki Mei 2025, anasema yule alikuwa anakuonyesha mpaka rangi ya nyavu. Wa sasa nao wapo vizuri, nikishaambiwa timu fulani inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako, uwanja nishaupanga. Na kuna raha nyingine wa kwenye tv hawaijui, redio inawahi sekunde kadhaa. Banda lipo nyumba ya tatu, bao likiingia napiga kelele mi kwanza, wao bado wanamwangalia mtu anapiga kona. Wananichukia mtaa mzima, mmoja kaja kuniomba kwa heshima kabisa "dada basi uwe unasubiri kidogo."

Saa 4. Chipsi mayai na rumeti, kachumbari nyingi, pilipili pembeni. Ye anaangalia season yake ya Kikorea na maandishi chini, namwambia we huangalii movi unaisoma. Mi yangu nimewekewa kwenye flashi, ya kivita, dijei mmoja anafanya watu wote, jenerali, mke wa jenerali, mtoto, mpaka mbwa kampa maneno. Katikati anasimamisha shughuli akukumbushe huyu ndo yule aliyemsaliti mwenzake kule mwanzo, kaa naye macho. Hii kazi ina wakongwe wake, enzi za mikanda ya VHS jina la Lufufu tu lilikuwa linajaza banda la video. Rumeti anasema wanaongeza vitu ambavyo havimo. Ndiyo, wanaongeza, na ndo hivyo nilivyolipia.

Saa 5 kasoro. Simu ikalia, voisi ya msusi, dakika nne. Nikavuta earphone, rumeti akasema weka spika. Nikamwangalia. "Weka spika bwana, ulinihadithia mwenyewe."

Friji lilikutwa kwa mwenyekiti wa mchezo. Kaulizwa, kasema alimkamata yule dada usiku ule ule anahama, akamnyang'anya friji kama dhamana ya wanachama, akawa anasubiri wakati mzuri wa kuwaambia. Miezi minne anasubiri wakati mzuri, na maji ya baridi anakunywa.

Rumeti anasema walipanga wote wawili tangu mwanzo, ndo maana mwenyekiti alilia kuliko wote. Mi nasema hapana, alimkamata kweli, ila alivyolifikisha ndani akaliona zuri. Tumebishana mpaka saa 6 usiku, ye akaniambia we si unasoma probabiliti, kokotoa, nikamwambia sampuli ni friji moja, Gosset mwenyewe angeshindwa, akauliza Gosset ndo nani tena, ndo nikaanza upya habari za kiwanda cha bia na mama mwenye nyumba akatugongea ukuta.