Muulize rubani dakika: asubuhi ya ukungu Songwe

Msimu wa mvua ukifika, kuna asubuhi ambazo ukungu huufunika uwanja wote wa ndege wa Songwe, hapa Mbeya. Sisi waongoza ndege tulioko mnarani huwa na swali moja zito kuliko mengine: kila ndege iliyo juu yetu imebakiwa na dakika ngapi za mafuta?

Swali hilo nilifundishwa na dada mmoja niliyemkuta kazini. "Mdogo wangu," aliniambia, "usimuulize rubani kama yuko salama, atakwambia yuko salama. Muulize anaweza kuzunguka mpaka saa ngapi." Kisha akanisimulia habari za ndege ya Avianca, shirika la ndege la Kolombia, Boeing 707 iliyoanguka karibu na New York Januari 1990. Ilikuwa imezungushwa angani zaidi ya saa nzima kwa sababu ya hali ya hewa na msongamano. Marubani waliomba kipaumbele, wakasema mafuta yanaisha, lakini hawakutangaza dharura. Mafuta yakaisha kweli, wakafa watu 73. Mimi nimelelewa huku Mbeya, ambako hata mwenye shida kubwa huanza kwa kusalimia na kuomba kwa upole. Kisa kile hakijanitoka.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia, ndege ya abiria ilifika kutoka Dar es Salaam wakati njia ya kurukia haionekani. Nilimpa rubani kiwango cha mwonekano kama kilivyopimwa, bila kukipamba wala kumtisha, kisha nikamuuliza hesabu yake. Akajibu: dakika 20 za kuzunguka, zikiisha narudi Dar. Nikawapigia wenzetu wa Dar wampange njiani na kunithibitishia hali ya hewa ya huko. Uamuzi ni wa rubani. Kazi yangu ni kuhakikisha anauamua akiwa na habari zote. Kwenye ramani Iringa iko karibu zaidi, lakini kiwanja mbadala lazima kiwe na njia inayoitosha ndege hiyo, zimamoto, mafuta na hali nzuri ya hewa. Dakika zikaisha, akageuza.

Baadaye ikaja ndege ndogo ya kukodi kutoka upande wa Ruaha. Ilikuwa imezunguka mawingu mazito njiani, na rubani akatoa tamko la kwamba mafuta yake yamefikia kiwango cha chini. Maana yake hana tena kiwanja kingine cha kukimbilia, na akicheleweshwa zaidi atatua akiwa ameanza kula akiba ya mwisho, ambayo kwa ndege za injini za turbini ni mafuta ya dakika 30. Tamko hilo bado si dharura, wala halimpi haki ya kuruka foleni. Dharura ni Mayday mara tatu pamoja na neno la mafuta. Hapo kila mtu anampisha. Lakini mimi sisubiri kufika huko. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka upande mmoja wa njia. Ndege iliyotaka kuondoka niliizuia kwenye maegesho, nikawaweka zimamoto tayari, nikamwambia rubani: hakuna ucheleweshaji unaotarajiwa. Maneno hayo anayahitaji kuliko pole yoyote. Alitua vizuri.

Mchana jua liliwaka, na waliokuja kuwapokea ndugu zao wakalalamika: mbona mdogo ametua na mkubwa amerudi? Baba mmoja aliniuliza hivyo getini, kwa uchungu, maana mwanawe alikuwa ndani ya ile iliyorudi. Nilimweleza, "Mzee, yule rubani hakujua ukungu utapasuka saa ngapi, na mimi pia sikujua. Alichojua ni kwamba akigeuka dakika ile, atafika Dar akiba yake ikiwa haijaguswa." Mwanawe alikuja na ndege ya kesho yake.