Dohani za Mraba

Babu yangu mzaa baba alikuwa na hadithi moja iliyotuchosha. Ujanani, alisema, wakiwa jahazini na kusi nyuma yao, karibu na Ras Asir, ile ncha ya Somalia ambayo Wazungu huiita Guardafui, waliona meli ya Wafaransa inaungua, haina mtu. Nyeupe, ina dohani mbili fupi za mraba, kama makasha. Hapo ndipo wajukuu tulipokuwa tukiangua kicheko. Dohani ya meli ni duara, kila aliyewahi kuketi Forodhani anajua. Babu alisukuma kikombe chake cha kahawa. "Chekeni. Mimi nimeona."

Akafa na dohani zake.

Mwaka 2006 nilikuwa Marseille, nalala kwa binamu yangu. Sisi Wangazija ni wengi mji ule, hata aliyezaliwa Unguja kama mimi hakosi mkeka wa kulalia. Alfajiri nilisafisha ofisi, saa tano nimeshamaliza, na kwa kuwa chumba kilikuwa cha watu wanne nilikwenda kushinda maktaba ya Alcazar, pale Belsunce. Zamani palikuwa ukumbi wa muziki. Mna joto, na hapana anayekuuliza umefuata nini.

Kifaransa nilijifunza kwa kusoma chochote kilichohusu Marseille. Nikaangukia kwa Albert Londres, ripota aliyeiandika bandari ile mwaka 1927, na kutoka kwake nikafika kwa mtu aliyemwandika yeye: Pierre Assouline.

Huyu naye ni mwandishi wa habari, mzaliwa wa Casablanca mwaka 1953. Kwa miaka kadhaa alihariri jarida la vitabu liitwalo Lire, lakini kilichompa jina ni kuandika maisha ya watu: Gaston Gallimard mchapishaji, Simenon wa riwaya za upelelezi, Hergé aliyemchora Tintin, Cartier-Bresson wa picha. Mwaka 2012 wakamwingiza Académie Goncourt, jopo la waandishi linalotoa tuzo kubwa ya vitabu Ufaransa. Maisha ya Londres aliyatoa mwaka 1989. Nilivyomsoma mimi, anamfuata marehemu kama ripota anavyofuata kesi. Kwetu maisha ya mtu mkubwa huandikwa kama risala ya mazishini: alizaliwa, alisoma, alipendwa na wote. Nani apendwe na wote?

Basi siku hiyo, mvua inapiga vioo, nikafika kwenye kifo. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Mei 1932, meli Georges Philippar, mpya kabisa, ikirudi kutoka Asia katika safari yake ya kwanza, ilishika moto kwenye Ghuba ya Aden. Walikufa watu 50 hivi, na Londres, aliyekuwa akitoka China na habari ambayo hakuwahi kuichapa, alikuwa mmoja wao. Mume na mke waliokuwa marafiki zake melini waliokoka, wakaja kufa kwa ndege Italia siku chache baadaye. Meli yenyewe ikaachwa, ikaelea huku inaungua, ikazama tarehe 19.

Nikasoma tena. Ghuba ya Aden. Imeelea siku tatu, haina mtu. Na Mei kusi imeshaanza, majahazi ya kwetu yanapanda Uarabuni.

Furaha yangu haikumaliza dakika tano. Pasipoti ya Babu ilisema kazaliwa 1924. Baharia wa miaka minane!

Nikatoka na mvua ile ile hadi duka la simu la jirani, nikampigia shangazi yangu Unguja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kuna nini, mbona mchana?"

Nikamweleza. Akasikiliza, kisha akauliza huyo mwandishi ni Mfaransa wa wapi. Nikasema kazaliwa Casablanca.

"Aa, basi mwenzetu. Sasa wewe unaiamini pasipoti? Babu yako alijikata miaka alipokuwa anatafuta kazi bandarini."

"Mingapi, shangazi?"

"Mingi."

"Au labda alisimuliwa tu?"

Kimya. Nilidhani simu imekatika.

"Kaka yake alikuwa baharia," akasema taratibu. "Huyo, Mungu amrehemu, alifika mpaka Basra. Hadithi nyingi za nyumba ile zilikuwa zake kwanza."

Nikarudi maktaba nimelowa. Mkutubi, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, nilimwomba picha ya meli ile. Kifaransa changu kilikwama kwenye neno dohani, nikachora hewani. Akaniletea kitabu kikubwa cha meli za Messageries Maritimes, kampuni ya pale pale Marseille, akanifungulia ukurasa mwenyewe.

Nyeupe. Dohani mbili, fupi, pembe nne kila moja, kana kwamba fundi seremala ndiye aliyeziunda. Niliweka kidole juu ya ile ya mbele, nikafuata pembe zake moja moja, mpaka yule mama akaniomba kwa upole nisiguse karatasi kwa mkono wenye maji.

Kwenye daftari langu nilikuwa nimechora mstari katikati ya ukurasa: huku yenye ushahidi, huku ya Babu. Dohani sikujua niziandike wapi. Kesho yake nikampigia tena shangazi, nikamwambia zilikuwa za mraba kweli, na kwamba nataka kuyaandika maisha ya Babu, na ya kaka yake kama atanisaidia.

"Mwandike," akasema. "Lakini umri wa ile pasipoti usiuweke. Utamfanya mtoto."